Vijana Wanaojiua: Mafundisho ya Historia kwa Kazi Yetu Irumu



Kijana anapojiua mugini, mtu wa kwanza kuulizwa si padri. Ni katekista. Jamaa wanamjia usiku na kumwuliza: «Mwalimu, mtoto wetu tumzike namna gani? Misa itasomwa?» Swali hilo ni la haki, nalo linataka jibu. Lakini kuna swali jingine linalopaswa kulitangulia, nasi kwa kawaida tunachelewa kuliuliza: nani alikuwa akimtembelea kijana huyu alipokuwa angali mzima?

Katika makala haya nataka kuonyesha jambo moja tu. Tangu zamani, huku kwetu Afrika kama vile huko Ulaya, watu walishughulika sana na maiti ya yule aliyejiua, na kidogo sana na mtu aliye hai anayetaka kufa. Nguvu zote zilikuja nyuma ya kifo. Polepole Eklezia na waganga wamejifunza kuzileta mbele ya kifo. Tufuate njia hiyo hatua kwa hatua, halafu turudi Irumu tuone ni vyombo gani tunavyo mikononi mwetu.

I. DESTURI ZA WAZEE WETU

Wakati wa ukoloni wataalamu wengine walidai ya kwamba Mwafrika hajui huzuni kubwa ya roho, na kwa hiyo hajiui ila mara chache sana. Mganga J. C. Carothers, aliyekuwa mkubwa wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari kule Nairobi, aliandika mambo ya namna hiyo katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Ulimwenguni mwaka 1953. Hata leo kuna watu wanaosema: «Kujiua ni mambo ya Wazungu.»

Hayo si kweli. Mwaka 1960 Paul Bohannan alitoa kitabu chenye kuchunguza mauaji na kujiua katika makabila saba ya Afrika. Kati ya hayo saba wamo Waaluri, ndugu zetu wa Mahagi, waliochunguzwa na Aidan Southall. Na wamo Wanyoro wa ng'ambo ya ziwa Albert, ambao ni jamaa za Wahema wetu. Kwa kila kabila habari za kujiua zilionekana. Basi jambo hili halikuja na motokari wala na masomo. Wazee walilijua, nao walikuwa na desturi zake.

Desturi hizo zilikuwa kali. Padri wa Kianglikani John Roscoe, katika kitabu chake juu ya Waganda cha mwaka 1911, ameeleza kwamba maiti ya aliyejiua ilipelekwa mbali na nyumba za watu, porini au penye njia panda, ikachomwa pamoja na mti uliotumika. Kama mtu alijiua ndani ya nyumba, nyumba yenyewe ilibomolewa. Wapita njia walitupa majani au vijiti mahali pale, ili roho ya marehemu isiwafuate.

Tusiwacheke wazee. Waliona jambo la kweli, ya kwamba kifo cha namna hii kinaweza kuvuta kifo kingine, na walitaka kuikata kamba hiyo upesi. Lakini angalieni: dawa yao yote ilikuwa kwa maiti, kwa mti na kwa nyumba. Mama aliyebaki, wadogo waliobaki, rafiki aliyebaki, hao waliachiwa aibu tu. Na siku hizi, mahali pengi, aibu hiyo inageuka kuwa shauri la ulozi. Watu hawaulizi tena kijana alikuwa na mateso gani. Wanatafuta nani amemroga. Hivyo kifo kimoja kinazaa uadui wa jamaa mbili.

II. ELEZO LA SHERIA YA EKLEZIA

Je, sisi Wakristu tulitenda vizuri zaidi? Tuseme kweli: si kila wakati.

Wengi wetu tunajua ya kuwa Mtakatifu Augustino alikataza kabisa kujiua, katika kitabu cha kwanza cha Mji wa Mungu. Lakini tukumbuke aliandika kwa sababu gani. Mwaka 410 Wagoti waliuteka mji wa Roma, na wanawake wengi, hata mabikira waliowekwa wakfu, walitendewa kwa nguvu. Wapagani waliwadhihaki Wakristu hao: mbona hawakujiua kama Lukresia, yule mwanamke wa Roma ya kale aliyesifiwa kwa kujiua kisha kunajisiwa? Augustino akajibu kwamba usafi uko rohoni. Mwanamke aliyelazimishwa hana kosa lolote, na asiye na kosa hana sababu ya kujiadhibu. Basi mafundisho yale yalianza kama neno la kuwatuliza walio hai. Nyuma tu watu wakayafanya kuwa fimbo ya kuwapiga wafu.

Kwa maana sheria ziliendelea kukaza. Mtaguso wa Braga, mwaka 561, uliamuru kwamba waliojiua wasikumbukwe katika sadaka wala wasisindikizwe kwa zaburi. Mtaguso wa kumi na sita wa Toledo, mwaka 693, ulimgusa hata aliye hai: mtu aliyejaribu kujiua akaokoka alitengwa na ushirika kwa miezi miwili. Yaani wakati ule ambapo alikuwa anahitaji wenzake kuliko wakati wowote, ndipo alipokaa peke yake.

Kitabu cha Sheria cha mwaka 1917, kanuni 1240, kiliwanyima mazishi ya Eklezia wale waliojiua kwa kusudi kamili, isipokuwa kama walionyesha alama ya kutubu mbele ya kufa. Mapadri wa zamani waliijua kanuni hiyo kwa moyo. Lakini sehemu yake ya pili haikusemwa sana migini: penye shaka, padri amwulize Askofu, na shaka ikizidi, maiti izikwe kwa kanuni za Eklezia, pasipo kuleta makwazo. Kila mwenye kujua jinsi huzuni inavyofunga akili ya mtu ataona kwamba shaka hiyo ipo karibu kila mara.

Kitabu cha Sheria cha mwaka 1983 kimelimaliza shauri hili. Kanuni 1184, inayotaja wale wanaonyimwa mazishi, haimtaji tena mtu aliyejiua. Na Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2280 mpaka 2283, yafundisha mambo mawili pamoja: kwanza, uzima ni mali ya Mungu, sisi ni watunzaji wake tu, si wenyewe, pili, ugonjwa mzito wa akili, uchungu au hofu kubwa hupunguza hatia, wala tusikate tumaini juu ya wokovu wa milele wa waliojiua, na Eklezia huwaombea. Basi katekista anayeulizwa usiku anaweza kujibu pasipo woga: «Tutamwombea, tutamzika, twende kwa padri.»

Serikali nazo zilipita njia iyo hiyo. Sheria ya Waingereza ilimpeleka kortini mtu aliyejaribu kujiua, nao wakaiingiza sheria hiyo katika makoloni yao ya Afrika ya Mashariki. Wenyewe waliifuta kwao mwaka 1961. Kule Kenya ilidumu mpaka Januari 2025, Korti Kuu ilipoamua kwamba inapingana na katiba. Tunda la sheria hizo lilikuwa moja: aliyeokoka alijificha. Na mtu anayejificha hawezi kutembelewa.

III. WALIYOJIFUNZA WAGANGA

Mwaka 1897 Mfaransa Émile Durkheim alitoa kitabu chake juu ya kujiua. Alilinganisha hesabu za nchi mbalimbali za Ulaya, akaona kwamba mtu aliyefungwa na wenzake kwa kamba za jamaa, za dini na za kazi za pamoja hujiua mara chache kuliko mtu aliye peke yake. Hesabu zake zimesahihishwa baadaye kwa mambo mengi, lakini neno hilo moja limebaki.

Neno hilo lilitendwa kwa mikono na padri mmoja wa Kianglikani, Chad Varah. Mwaka 1935, alipokuwa kijana katika utumishi, alimzika msichana wa miaka 14 aliyejiua. Msichana yule alianza kuona siku zake, hakuna mtu aliyemweleza, naye akadhani amepata ugonjwa wa aibu. Varah hakusahau mazishi yale. Mwaka 1953 alianzisha London kazi ya kuwasikiliza wanaotaka kujiua, iliyoitwa Samaritans. Watu wa kawaida walijitolea kuwakaribisha wageni wake, kuwapa chai na kukaa nao wakingojea zamu. Muda si mrefu Varah akatambua kwamba wageni wengi, wakiisha kusikilizwa na watu wale, hawakuhitaji tena kumwona yeye. Akawaachia kazi.

Tena kuna jaribio kubwa la Shirika la Afya Ulimwenguni, lililotangazwa mwaka 2008. Walichukua watu 1867 waliojaribu kujiua wakaletwa hospitali, katika nchi tano: Brazili, Uhindi, Sri Lanka, Irani na China. Nusu walipata matunzo ya kawaida. Nusu nyingine walizungumziwa kwa muda wa saa moja hivi, halafu wakafuatwa mara tisa, kwa kutembelewa au kwa simu: juma la 1, la 2, la 4, la 7 na la 11, kisha mwezi wa 4, wa 6, wa 12 na wa 18. Walipohesabu mwishoni, katika kundi la kwanza watu 18 walikuwa wamejiua. Katika kundi lililofuatwa, 2. Hapakuwa na dawa ya bei kubwa. Palikuwa na mtu anayekuja kuuliza: «Umeamkaje?»

Mfano mwingine ni wa Sri Lanka. Mwaka 1995 nchi ile ilikuwa kati ya zile zenye watu wengi wanaojiua duniani, na wengi walitumia sumu za shamba. Kuanzia mwaka ule serikali ikakataza sumu zilizo kali kupita zote, moja baada ya nyingine. Katika miaka ishirini hesabu ilishuka kwa sehemu 70 katika mia, na wataalamu wakadiria ya kwamba watu 93 000 wameokoka. Maana saa ya kutaka kufa mara nyingi ni fupi: kama sumu haiko karibu, saa hiyo inapita, na wengi hawarudii tena.

Haya yote yasingejulikana kama watu wasingehesabu. Na kwa sababu wanahesabu, twajua pia kwamba mwaka 2021 watu wapata 727 000 walijiua duniani, na kwamba kati ya vijana wa miaka 15 mpaka 29 kujiua ni sababu ya tatu ya kifo.

IV. HALI YETU IRUMU

Sasa turudi kwetu. Teritware ya Irumu, inayopakana na mji wa Bunia, imelea vijana wake katika vita. Vita vya Ituri vya mwaka 1999 mpaka 2003 viliwagusa wazazi wa wale tunaowafundisha leo. Tarehe 5 Septemba 2002 hospitali kubwa ya Waprotestanti ya Nyankunde ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa ndani yake. Tarehe 24 Februari 2003 ilikuwa zamu ya Bogoro. Mwaka 2012 Korti ya Kimataifa ya La Haye ilimhukumu Thomas Lubanga kwa kuingiza watoto wasiofikia miaka 15 katika jeshi lake. Watoto wale sasa ni baba za watu. Na mateso hayakukoma: usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025 waasi wa ADF walishambulia parokia ya Mwenye Heri Anuarite kule Komanda, Wakristu wakiwa katika kesha la sala. MONUSCO ilihesabu watu 43 waliouawa.

Basi kijana wa Irumu anaweza kuwa na mizigo mitatu juu ya kichwa kimoja: aliyoyaona vitani, ukimbizi, na umaskini unaomzuia kumaliza masomo. Juu ya hiyo huongezeka aibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Gent, Ubelgiji, waliwauliza wasichana zaidi ya 1300 wa shule za sekondari za Ituri, wakatangaza matokeo mwaka 2014. Waliona kwamba kwa wasichana waliotendewa kwa nguvu, mateso ya moyo yalishikamana sana na shida za kila siku na na ginsi watu walivyowasema na kuwatenga. Mtesaji aliondoka, maneno ya majirani yalibaki. Augustino alikwisha kuyaandika hayo miaka elfu moja na mia sita iliyopita.

Hospitali za wagonjwa wa akili ziko mbali. Mabruda wa Karidadi wana Sosame kule Bukavu na Tulizo Letu kule Goma; kwa mtu wa Boga au wa Gety hiyo ni safari ya gharama na ya hatari. Je, tukae tukilia? Hapana. Tunavyo vyombo viwili, na vyote viwili tumekwisha kuvitumia.

Chombo cha kwanza ni jumuiya ndogo za Kikristo. Maaskofu wa Kongo walichagua njia hiyo mwaka 1961, tena mbele ya Mtaguso wa Vatikano wa Pili. Katika shirika ya nyumba kumi au ishirini, mtu asiyeonekana kwa sala majuma mawili anajulikana.

Chombo cha pili tulikipata kwa machozi, wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020. Ugonjwa ule uliwashika watu 3470 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini, wakafa 2287. Komanda na Bunia nazo ziliguswa. Tulijifunza nini? Wajitoleaji wa afya, wale tunaowaita reko, walizunguka nyumba kwa nyumba. Kila mtu aliyegusana na mgonjwa aliandikwa jina, akatembelewa kila siku kwa siku 21. Kila kifo kilitangazwa kwa kituo cha afya. Mazishi yalifanywa kwa usalama na kwa heshima. Mwanzoni watu walirusha mawe. Mahali padri, pasta, sultani na mwalimu walipokaa pamoja na mganga na kueleza, mioyo ikalegea.

Sasa nauliza: kama tuliweza kumfuata mtu siku 21 kwa ajili ya homa, tutashindwaje kumfuata mara tisa kijana aliyejaribu kufa?

V. MAMBO YA KUTENDA

Kwanza, kumfuata aliyeokoka. Kijana aliyejaribu kujiua atunzwe kwanza na mganga. Akirudi nyumbani, shirika imchagulie watu wawili anaowapenda mwenyewe, wamtembelee kwa kalenda ile ya majuma na miezi. Wasimhubirie. Wasikilize, wale naye chakula, wamsaidie kwa shida iliyo wazi: deni la shule, ugomvi na baba, mimba. Hali ikizidi, wamrudishe kwa mganga siku ile ile, wala wasimwache peke yake hata kidogo.

Pili, kuuliza waziwazi. Wengi wanaogopa kutaja neno «kujiua» mbele ya mtu mwenye huzuni, wasije wakamfundisha. Waganga wanasema hofu hiyo haina msingi. Kuuliza kwa upole, «Je, umefikiri kujiua?», kunamfungulia mlango.

Tatu, kuondoa vitu vya hatari. Wakulima wetu wa viazi na kabichi wanaweka sumu ya shamba chini ya kitanda. Iwekwe ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na nyumba ya kulala, na ufunguo mkononi mwa mtu mmoja.

Nne, kuhesabu. Mganga wa kituo cha afya aandike kila jaribio na kila kifo: umri, mwanamume au mwanamke, mwezi, shida iliyotangulia. Hesabu iende kwa zoni ya afya. Majina yasitoke kituoni. Tukiona vijana watatu wa shule moja katika muhula mmoja, tutajua twende wapi. Jamaa wasilazimishwe kuficha kwa kusema «ajali» au «ulozi». Wataacha kuficha siku watakapoona ya kuwa kusema kweli hakuwaletei adhabu.

Tano, ulimi wa mimbari. Katika mazishi tusieleze namna marehemu alivyojiua, wala tusimpambe kama shujaa, wala tusimtukane. Vijana wanasikiliza. Tumwombee, tuwatulize wafiwa, tutangaze jina la mtu ambaye wenye huzuni wanaweza kumwendea.

Sita, kwa mapadri peke yao. Siri ya Kitubio haina mlango wa nyuma. Aliyotuambia mtu katika Kitubio hayawezi kuingia katika orodha yoyote, wala kwa ishara, hata kwa nia njema. Lakini twaweza kumsihi huyo mtu aje kutuambia tena nje ya sakramenti, au amwambie mtu anayemwamini, na tumngojee mlangoni akitaka. Waseminari, jifunzeni jambo hili mapema, maana mtakutana nalo.

Wazee walichoma mti. Maaskofu wa Braga walinyamazisha zaburi. Wote walitaka kuilinda jamaa, na wote walifika kijana akiisha kufa. Sisi tumepewa kujua zaidi, na aliyepewa zaidi atadaiwa zaidi. Kila mkubwa wa shirika anaweza kutaja juma hili jina la kijana mmoja asiyeonekana tena. Amwendee.